Nimeokoka mara sita

Nianze na ya kuchekesha. Kuna dada wa kanisani, yule anayefuatilia waongofu wapya, alinipigia Jumatatu moja akasema Bwana asifiwe kaka, hongera kwa kumpokea Yesu jana, halafu akanyamaza kidogo. "Samahani, hivi wewe si ndo yule niliyekupigia mwezi wa tatu? Na wa tano?"

Ni mimi dada. Fomu nilikuwa nimejaza mara nne, mbele nimeenda mara sita, na kila nikiongozwa sala ya toba nalia kweli kweli, halafu Jumanne saa nane usiku niko macho naangalia feni.

Mi ni fundi magari, Tabata, mwaka wa 11 huu. Na niseme tu maana ndo nimekuja kusema: miaka mingi kati ya hiyo nilikuwa mwizi. Sio wa kuvunja milango. Unaleta gari inakosa nguvu, naona kabisa hizi ni plagi, elfu arobaini imeisha, mi nakwambia gasketi imekufa hiyo, tufungue silinda hedi. Tulikuwa na gasketi moja imeungua vizuri, ya gari nyingine huko ya zamani, tunaitunza kwenye boksi kwa kazi hiyohiyo. Mteja anaonyeshwa, anashika kichwa, analipa. Betri nzima inaingia gereji asubuhi, jioni gari inatoka na betri iliyochoka. Tulikuwa tunaita ujanja wa mjini.

Kati ya wote kuna mmoja aliganda kichwani, mzee wa teksi mwenye Corolla. Nilimpiga sh. 350,000. Alizitoa kwenye bahasha ya ada, niliona kwa macho yangu imeandikwa jina la mtoto na kidato, akahesabu, akasema haya, shule itasubiri, gari ndo inayotulisha. Akanishukuru. Yaani akanishukuru!

Nilipookoka nilijua hiyo picha itafutika. Mhubiri anasoma Mika, Mungu anazitupa dhambi zetu kwenye vilindi vya bahari, nasema amina, na naamini, lakini ile bahasha haizami. Nikaanza kujiambia labda sikuokoka vizuri, labda siku ile sikumaanisha, ngoja nirudie. Ndo hizo mara sita. Nikafunga siku tatu kavu. Nikanunua na mafuta ya upako, hiyo naomba tusiijadili.

Aliyenifumbua macho ni bibi yangu, yuko Bukoba, Mlutheri wa zamani, wa wale ndugu wa uamsho. Kama hujui, ule uamsho ulianzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930, ukaenea Uganda ambako waliitwa Balokole, ukafika mpaka kwetu Kagera. Wale watu walikuwa na desturi moja ngumu, ukiokoka unaungama mbele za watu, dhambi unaitaja kwa jina lake, na ulichoiba unakibeba unakirudisha. Bibi anasema baba yake aliokoka Jumapili, Jumatatu alikuwa njiani anampeleka mbuzi kwa jirani. Na yule aliyeibwa walishamla siku nyingi, kwa hiyo alimtoa mbuzi wa zizini kwake.

Basi nikampigia, shikamoo bibi, nikamweleza yote. Hakunihurumia hata kidogo.

"Huyo mzee yuko hai?"

Nadhani yupo bibi.

"Anakaa mbali?"

Nikamwambia kijiwe chake ni Buguruni, daladala moja tu.

"Sasa mjukuu wangu, kwa Mungu unaendaga kutafuta nini kila wiki na mzee yuko Buguruni?"

Hilo neno nilikaa nalo wiki nzima. Maana na upande wa pili kuna shimo, mtu unaweza kudhani ukilipa ndo umetakata. Nikarudi kwa Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, na kitu ambacho sikuwahi kukiona ni nini kilitangulia. Yesu anamwambia shuka upesi, leo imenipasa kushinda nyumbani mwako, na saa hiyo Zakayo hajarudisha hata senti. Habari za kulipa mara nne zinakuja mgeni akishapokelewa. Halafu kuna Yuda aliyemsaliti Yesu, Mathayo 27, yeye alirudisha vyote, vipande 30 vya fedha, na akakiri kabisa kwamba nimekosa, makuhani wakamwambia hayo yaangalie mwenyewe, akaenda akajinyonga. Usiku wa kuamkia siku hiyo Petro naye alimkana Bwana mara tatu, na Yohana anataja kwamba pale uani palikuwa na moto wa makaa. Sasa nenda sura ya 21, baada ya kufufuka, Yesu yuko ufukweni na moto wa makaa, samaki juu yake, anawaita waje wale, na Petro yumo. Moto wa makaa tena! Na palepale anamuuliza mara tatu kama anampenda. Hakumzungusha Petro mbali na aibu yake, alimkalisha karibu nayo na kumlisha.

Nikaanza kutofautisha sauti. Ile ya saa nane usiku, wewe mchafu, wewe mwongo, hufai, haikuwahi kunitajia mtu wala kiasi. Huyo nadhani ndo Ufunuo 12 unamwita mshitaki wa ndugu zetu. Nyingine ilikuwa inasema kitu kimoja tu, mzee wa Corolla, laki tatu na nusu, na hiyo ndo nilikuwa naikimbia kwa kwenda mbele kila Jumapili.

Nilienda Jumamosi na laki mbili mfukoni. Shikamoo mzee. "Marahaba fundi! Umepotea wewe!" Kafurahi kuniona, tumbo likanikata zaidi. Nikamweleza, plagi, gasketi, boksi, yote. Akaniangalia weee.

"Kwa hiyo ile gasketi haikuwa yangu?"

Haikuwa yako mzee.

"Na mimi nilikuletea wateja wanne. Nakusifia."

Hiyo sikuwa nimejiandaa nayo. Nilitegemea sijui atanikumbatia, tutalia, nitapata ushuhuda wa kutoa kanisani. Akahesabu hela mara mbili, akauliza iliyobaki lini, nikasema tarehe 30, akasema haya. Hakusema amenisamehe na mi sikumwomba aniambie, nimdai tena na hilo? Nikauliza kuhusu mtoto. Alimaliza shule, ila alichelewa mwaka mmoja. Huo mwaka sina pa kuutoa.

Wapo ambao siwapati, mama mmoja wa Noah nilimbadilishia betri, namba yake haipatikani, na wengine hata sura sizikumbuki. Hao nawataja kwa Mungu kama walivyo, mama wa Noah, kaka wa kirikuu nyeupe, na nalala. Sio kila siku, ila nalala. Ile gasketi nimeitupa, kijana wangu wa gereji akaniuliza kaka sasa tutakula nini, na kusema kweli mwezi huu hatujala vizuri.

Jumapili iliyopita mchungaji akaita watu mbele, yule dada akageuka kabisa kuniangalia. Nikabaki nimekaa. Kwenye laki na nusu ya mzee nina elfu themanini, na leo tarehe 19.