Shilingi 80 kwa kilomita: ninavyolipia matengenezo ya IST yangu

Naendesha Toyota IST ya mwaka 2005, injini ya cc 1,300, kutoka Mbezi Makabe hadi Upanga na kurudi, kila siku ya kazi. Kutoka nyumbani hadi kwenye lami ni vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika, halafu inafuata Barabara ya Morogoro na foleni yake. Ukijumlisha mizunguko ya Jumamosi, gari langu linatembea kama kilomita 1,200 kwa mwezi. Mshahara wangu ni wa serikali, unaingia mara moja kwa mwezi, na shokapu haisubiri tarehe ya mshahara ndipo ife. Pamoja na hayo, gari hili linahudumiwa kwa wakati na sijamkopa mtu hela ya spea. Ninachofanya ni kuweka hela kwa kilomita, si kwa mwezi.

Gari halichakai kwa kalenda. Mwezi wa likizo, gari likiwa limelala nyumbani, tairi haliishi na oili haichoki sana. Mwezi wa misiba na harusi unaweza kutembea mara mbili ya kawaida, na hapo ndipo breki na bushi zinapoliwa. Ukiweka kiasi kilekile kila mwisho wa mwezi, unaweka kingi wakati gari limepumzika na kidogo wakati linaumia. Kwa hiyo nilikaa na kalamu nikajiuliza kila kitu kinachoisha kwenye gari langu kinagharimu kiasi gani, na kinadumu kilomita ngapi katika barabara zangu, si katika barabara za Japani.

Nilianza na oili. Galoni ya lita 4 ya 5W-30 nainunua kwa 75,000, filta 10,000, fundi 15,000. Jumla 100,000, na namwaga oili kila baada ya kilomita 5,000, hivyo ni shilingi 20 kwa kilomita. Tairi nne kwa 150,000 kila moja ni 600,000, zikifika kilomita 40,000 nimeridhika, hiyo ni shilingi 15. Shokapu nne ni kama 400,000, na kwa mashimo ya Makabe hazivuki 40,000: shilingi 10. Bushi (mipira ya viungo vya chini), stabilaiza linki (fimbo fupi za kuzuia gari kuyumba) na boli jointi (viungo vya tairi la mbele) kwa pamoja zinakula kama 160,000 kila kilomita 20,000: shilingi 8. Betri ya 180,000 inanifikisha kama kilomita 36,000: shilingi 5. Hidroliki ya gia pamoja na filta yake, 160,000 kwa kilomita 40,000: shilingi 4. Pedi za breki za mbele shilingi 2. Plagi, filta ya hewa na koolanti, nazo shilingi 2. Jumla 66.

Juu ya hizo nikaongeza shilingi 14 za mambo yasiyotabirika: rejeta, oltaneta (kifaa kinachochaji betri), pampu ya maji, beringi. Vitu hivi havina tarehe, lakini kwenye gari lenye umri wa miaka 20 vitakuja tu. Ndipo nikapata shilingi 80.

Utekelezaji wake ni mwepesi kuliko hesabu yenyewe. Kila nikiweka mafuta, nasoma kilomita kwenye dashibodi, natoa zile za mara ya mwisho, nazidisha kwa 80. Nikiwa nimetembea kilomita 190, naweka 15,200. Naiweka palepale kabla sijaondoka kituoni, kwa sababu nikifika nyumbani kuna gesi imeisha na mtoto anadai hela ya tuisheni. Ukilinganisha na mafuta, hela hii ni karibu theluthi moja. Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya nishati na maji, wakitangaza bei ya mafuta, wengi wetu tunahesabu jinsi lita moja ilivyopanda. Theluthi hiyo iliyojificha nyuma ya lita hatuihesabu, na ndiyo inayotulaza gereji.

Hela inakaa kwenye laini ya pili ya simu, laini isiyo na kazi nyingine. Hakuna anayenitumia hela huko na sinunui vocha kwa laini hiyo. Kuweka kwa wakala hakuna makato, na maduka mengi ya spea Kariakoo yana lipa namba, kwa hiyo mara nyingi hela inatoka kwenye laini kwenda dukani moja kwa moja bila kupita mkononi mwangu. Ikizidi 500,000 naipeleka benki, kwenye akaunti ambayo kadi yake naiacha nyumbani.

Kazi ngumu ni kuilinda. Mdogo wangu alipojua kuna hela imekaa, alinipigia: "Dada, niazime laki mbili, mwisho wa mwezi nakurudishia." Nampenda na shida yake ilikuwa ya kweli. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hiyo ni hela ya breki. Nikikupa hiyo, kesho nakupandisha kwenye gari lisilosimama." Nilimchangia kidogo kutoka kwenye hela yangu ya matumizi. Nashauri sana hela ya gari uipe jina la kitu kamili, tairi au breki, kwa sababu hela isiyo na jina ni rahisi kuombwa na ni rahisi kutolewa.

Kitu cha pili ninachokitegemea ni daftari la mkono. Linakaa kwenye dashibodi, na kila kilichofanyika kinaandikwa: tarehe, kilomita, kifaa, bei, duka, na kama kilikuwa kipya au cha mtumba. Risiti ya EFD naibana hapohapo.

Daftari hilo lilinisaidia siku gari lilipoanza kugonga chini upande wa kushoto. Nilienda gereji, kijana mmoja akasikiliza akasema, "Dada, shokapu za mbele zimekufa, zote mbili." Nikafungua daftari: shokapu za mbele zilikuwa zimetembea kilomita 18,000 tu na hazikuwa zinavuja. Nikamwita fundi wangu mwenyewe, mtu mzima asiye na haraka. Alipiga jeki, akashika tairi juu na chini akalitikisa: kimya, maana yake boli jointi na beringi ziko salama. Akashika kushoto na kulia akatikisa tena: kimya, tairodi, yaani fimbo za usukani, nazo nzima. Kisha akaingia uvunguni, akaikamata stabilaiza linki kwa vidole viwili na kuizungusha. Ilikuwa inacheza kama jino la mtoto. "Sikia hiyo," akaniambia, nami nikausikia mlio uleule uliokuwa unanifuata barabarani. Linki mbili na ufundi zilinigharimu 45,000. Shokapu mbili zingekula karibu 200,000, na mlio ungebaki palepale.

Simlaumu yule kijana. Mlio wa chini ya gari unadanganya hata wazoefu. Ila tangu hapo sikubali kifaa kibadilishwe kabla sijaonyeshwa kikicheza, kikivuja au kimeisha, na cha zamani naondoka nacho.

Kuondoka nacho kuna faida nyingine, maana hicho ndicho unachokwenda nacho Kariakoo. Ukifika na kifaa cha zamani mkononi, namba yake ikisomeka, mazungumzo na muuza duka yanakuwa mafupi. Ukifika na jina tu, "linki za IST," unapewa chochote kinachofanana. Mimi natofautisha hivi: vitu vya kusuguka na vya mpira, kama pedi, bushi na mikanda, nanunua vipya, hata kama ni ghali. Vitu vizito vya chuma na umeme, kama oltaneta, stata na rejeta feni, naridhika na mtumba uliotoka Japani, kwa sharti la kupimwa mbele yangu na muuzaji kuandika siku za kurudisha kwenye risiti. Mtumba halisi mara nyingi umenidumu kuliko kipya cha bei ya chini chenye boksi zuri.

Kwenye oili sipunguzi. Injini za IST hii hutumia cheni ya taimingi, si mkanda, kwa hiyo sina hela ya mkanda wa taimingi kwenye hesabu yangu, lakini cheni hiyo inaishi kwa oili safi. Galoni nanunua kwenye duka moja ninaloliamini, naangalia muhuri wa mfuniko, na galoni tupu naitoboa kabla ya kuitupa ili isijazwe tena na kurudi sokoni. Hidroliki ya gia ni vilevile: kijiti cha kupimia cha gari langu kimeandikwa T-IV, na hiyo ndiyo inayoingia. Mwenye IST ya umbo jipya lililoanza 2007, yenye gia ya CVT, ambayo ni aina nyingine ya gia otomatiki, asikubali kuwekewa hii ya kwangu. Kosa hilo linaua gia boksi nzima, na bei ya gia boksi inaweza kumeza hela ya mwaka mzima.

Kwa tairi, nasoma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni. Zikisomeka 3519, tairi limetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019, hata kama linang'aa na vinyweleo vyake vyote. Mpira unazeeka ukiwa dukani, na kwa joto la Dar unazeeka haraka zaidi.

Hela ikiwa haitoshi kufanya vyote, na hilo hutokea, napanga hivi. Breki, tairi, boli jointi, tairodi na chochote kinachopandisha joto la injini havisubiri hata wiki, kwa sababu vinaua watu au vinaua injini. Bushi, maunti za injini na shokapu zilizochoka naweza kuziandikia tarehe ya mwezi ujao na kuendesha taratibu kwenye rasta na matuta. Rimu, redio, rangi iliyokwaruzwa na bodaboda: hivyo havigusi laini ya gari kabisa. Nikivitaka, vinalipiwa na hela yangu ya nguo.

Yapo malipo yanayofuata kalenda, nayo nimeyatenga. Bima ndogo kwangu ni 118,000 kwa mwaka, hivyo naweka 10,000 kila mshahara. Rodi laisensi ilifutwa mwaka 2017, mzigo huo haupo tena. Maegesho ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, naangalia deni kila Ijumaa na kulipa kwa kontroli namba kabla halijaota faini.

Jambo ambalo sikulitegemea ni jinsi shilingi 80 ilivyobadilisha maamuzi yangu ya safari. Kwenda Moshi Krismasi ni karibu kilomita 550, na kurudi vivyo hivyo. Zamani kwenye familia yetu tulihesabu mafuta tu na kugawana. Sasa nasema wazi kwamba kuna 88,000 za gari juu ya mafuta, na ndugu wanaopanda wanachangia. Wamekubali bila maneno, kwa sababu ninaweza kuwaonyesha zinakwenda wapi.

Na safari moja ya aina hiyo ndiyo iliyonionyesha thamani ya zile shilingi 14. Tukiwa tunapita Korogwe, taa ya betri iliwaka kwenye dashibodi na haikuzima. Nilizima AC na redio, nikatafuta fundi wa umeme wa hapo. Akapima: oltaneta haichaji. Korogwe mjini hakikupatikana kifaa cha kulifaa gari langu kwa siku ile. Nikampigia fundi wangu Dar, nikamtumia picha ya namba ya kifaa. "Tulia dada, nakwenda Kariakoo sasa hivi," akasema. Alikipata cha mtumba kwa 180,000, kikapimwa kwenye mashine ya muuzaji akanirekodia video, nikalipa kwa lipa namba kutoka laini ya gari nikiwa nimekaa kwenye benchi la mama ntilie. Kifurushi kikapandishwa basi la kaskazini. Jioni kondakta alinikabidhi stendi, fundi wa Korogwe akafunga kwa 30,000, na usiku huo tukalala gesti. Asubuhi tukaendelea na safari, mama yangu amekaa kiti cha mbele na kanga yake mabegani, akiulizia kwa nini milima ya Usambara ina ukungu mzito hivyo.

Hakuna aliyepigiwa simu ya kuombwa hela siku hiyo. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko gari lenyewe. Nimeshuhudia familia zikinuniana kwa sababu ya mkopo wa gia boksi.

Kila Januari nakaa tena na daftari na kurekebisha bei, kwa sababu spea inafuata dola. Mwaka huu hesabu imenitoa kwenye hizo 80 na kunipeleka kwenye shilingi 90, hasa kwa ajili ya tairi na oili. Jirani yangu mwenye Noah alichukua karatasi yangu akaweka bei zake: oili nyingi zaidi, tairi kubwa zaidi, abiria saba. Yeye amefika 125. Kwa gari lako, chukua vitu hivyohivyo, gawa bei ya kila kimoja kwa kilomita kinazodumu katika barabara unazopita wewe, ongeza kama moja ya tano ya jumla kwa yasiyotabirika, na anza siku utakayoweka mafuta. Kama kiasi kinachotoka ni kikubwa kuliko uwezo wako, ni afadhali ukijue sasa na upunguze safari, uache gari siku mbili kwa wiki na kupanda Mwendokasi, kuliko kukijulia barabarani ukiwa na watoto ndani.