Pipa la moshi: nimefika kwenye kipimajoto

Pipa langu la kupikia nyama kwa moshi limekamilika. Fundi wa kuchomelea wa Kizota, hapa Dodoma, ameliwekea bawaba, bomba la moshi na tundu la hewa lenye kifuniko cha kusukuma, na tumelichoma tupu kwa kuni hadi rangi ya nje na mabaki ya mafuta ya kula ya ndani yakaisha kabisa. (Tafuta pipa lililobeba chakula. Lililobeba dawa za shamba au kemikali usilichukue hata ukipewa bure.) Kuni ninazo: mashina makavu ya mzabibu kutoka Mpunguzi, yale mazee yanayong'olewa, pamoja na mkaa wa kushikilia moto. Kilichobaki ni kipimajoto, na hapa mradi umekaa kuliko ulivyokaa kwenye chuma chenyewe.

Fundi haoni sababu. "Dada, nyama unaijua kwa kidole. Pale Msalato umeona nani ana mashine?"

Ana hoja. Wachomaji wa mnada wa Jumamosi pale Msalato hawapimi chochote na nyama yao haina neno. Ila wao wako juu ya moto: nyama wanaiona, wanaigeuza, wanakata kipande wanaonja. Pipa la moshi linafungwa. Joto la ndani linatakiwa likae kati ya nyuzi 107 na 121 za Selsiasi kwa saa nyingi, na kila ukifunua kuchungulia unamwaga joto lote na kuanza upya. Nikamjibu, "Kaka, wao wanaona nyama. Mimi naona mfuniko." Akacheka, akaendelea kukata bomba lake.

Halafu kuna suala la ng'ombe wenyewe. Maelekezo mengi ya kidari cha moshi yanatoka Marekani, hasa Texas, na yanahesabu saa kwa kilo za kidari kinene chenye mafuta, cha ng'ombe aliyelishwa nafaka. Kidari cha ng'ombe wetu wa nundu, aliyezunguka kutafuta majani kiangazi kizima, ni chembamba na mafuta yake ni ya kutafuta. Saa za Texas hazimhusu. Kinachomhusu ni joto la katikati ya nyama: kuanzia nyuzi 90 hadi 96 hivi, baada ya ile mishipa migumu kukaa kwenye moto wa taratibu muda wa kutosha, inakuwa imeyeyuka na nyama inalainika. Kwa hiyo natakiwa kujua joto la sehemu mbili, la wavu nyama inapolala na la nyama yenyewe, na chombo kimoja si lazima kifae kwa zote mbili.

Madukani cha kwanza kuonyeshwa ni kile cha mshale, chenye uso kama saa. Nakipenda kwa sababu hakina betri wala cha kuharibika. Ndani ya mti wake, ile fimbo ya chuma inayoingia kwenye nyama, kuna utepe wa metali mbili uliosokotwa; joto likipanda, metali moja inatanuka kuliko nyingine, utepe unajizungusha na mshale unafuata. Tatizo ni kwamba utepe una urefu. Kinasoma wastani wa sentimita tano au sita za mti, siyo ncha peke yake. Kwenye paja zima hakuna shida. Kwenye kidari cha unene wa sentimita nne, ukikichomeka kutoka juu, sehemu ya utepe imebaki nje inapima moshi, na namba unayosoma si ya nyama wala si ya pipa. Ukikichomeka kwa ubavuni kinasaidia, lakini ndani ya pipa lililofungwa ubavu huo huuoni. Kwa hiyo cha mshale kwangu kimefaa mfunikoni tu, na hata huko nakiamini kwa kiasi; nitaeleza.

Vile vya kalamu, vya betri ya saa, ncha yake inasoma ndani ya sentimita moja na nusu. Kwa nyama yetu nyembamba hilo ndilo la maana kuliko mapambo yote. Bei yake haizidi sana kilo mbili za nyama. Kasoro yake ni kwamba hukiachi ndani. Unafunua, unachoma, unasoma, unafunga.

Bunduki ya kupima joto niliikataa mapema. Inasoma ngozi ya juu tu, na zile zilizokuwa zikipima watu paji la uso milangoni wakati wa korona zimetengenezwa kwa joto la binadamu. Ukizielekeza kwenye pipa hazikupi namba ya maana. Jirani alipendekeza kile cha hospitali cha kioo. Hapana. Kinaishia nyuzi 42, na kioo ndani ya chakula sikitaki. Kuna pia multimita za mafundi umeme zenye waya wa kupimia joto, ule wa aina ya K. Huo unapima hewa ya pipa vizuri na kama unayo nyumbani huna haja ya kununua kitu kingine kwa ajili ya wavu, ila usiuchome kwenye nyama. Ganda la waya halikutengenezwa kugusana na chakula.

Vijiti visivyo na waya, vinavyotuma taarifa kwenye simu, vinapendeza kwenye picha. Lakini vyombo vyake vya umeme viko ndani ya kijiti chenyewe, karibu na ncha, kwa hiyo lazima kizame kwenye nyama hadi kwenye alama yake. Nyama ndiyo inayokikinga na moto. Kidari changu hakina kina hicho ila ukikichomeka kwa urefu. Ongeza pipa la chuma na ukuta wa tofali kati yangu na jiko, simu itakuwa inatafuta mtandao siku nzima. Nimechukua cha waya, chenye sindano mbili, namba zikiwa nje kwenye kiboksi.

Kabla ya nyama, nilivijaribu vyote. Barafu iliyopondwa, maji kidogo ya kuziba nafasi, koroga, subiri: inatakiwa isome 0. Kalamu ilisoma 0.4, sindano zote mbili 0. Kisha maji yanayochemka, ncha isiguse sufuria. Hapo mtoto wa kaka yangu, yuko kidato cha pili, akawa ameniinamia begani.

"Shangazi, umeuziwa kibovu. Kinasema 96, na shuleni tumesoma maji yanachemka nyuzi 100."

Yanachemka kwa 100 Dar es Salaam, usawa wa bahari. Dodoma iko mita 1,100 na ushee juu, na kila unapopanda mita 300 hivi kiwango kinashuka karibu nyuzi moja. Kipimajoto kinachosoma 96 kwenye sufuria ya hapa ni kizima. Kinachosoma 100 ndicho cha kurudisha dukani. Naliandika kwa herufi za kawaida lakini ningependa lisomwe kwa sauti, maana maelekezo ya ndani ya boksi yanakuambia urekebishe hadi 100, na ukiyatii umekiharibu chombo kwa mkono wako. Cha mshale kilisoma 103. Nyuma ya uso kina nati. Nikaishika kwa spana nikazungusha hadi 96.

Siku ya kwanza ya moto. Sindano moja nimeibana kwenye wavu kwa klipu, mbali kidogo na nyama ili isisome ubaridi wake. Waya nimeupitisha kwenye tundu dogo lililotobolewa ubavuni. Ukiubana na mfuniko, makali ya chuma yanaukata. Mfuniko ukasema 140, wavu ukasema 115. Vyote nilikuwa nimevipima, hakuna kinachodanganya: joto limepanda juu, na mshale uko juu. Nyama iko chini. Anayepika kwa kufuata mshale wa mfunikoni angeziba hewa na kuishia kupikia nyuzi 90.

Upepo wa mashariki wa mwezi wa saba ndio uliosumbua. Ukipuliza kwenye tundu la hewa, wavu unaruka kutoka 112 hadi 135 kabla hujamaliza kumenya kitunguu. Nimeligeuza pipa, tundu likaangalia magharibi, na kusimamisha kipande cha bati. Imetulia.

Nyama ilipanda vizuri hadi 68, ikakaa. Ikakaa. "Shangazi, imegoma." Nilikuwa naisubiri hiyo: maji yanatoka kwenye nyama yanakauka juu yake, na yanaipoza vilevile mtungi unavyopoza maji ya kunywa. Kwa hewa kavu ya kiangazi chetu sishangai ikigoma muda mrefu. Wanaoongeza kuni hapa wanaunguza nje. Nilisubiri rangi ya juu ikolee, nikaifunga kwa foili, na namba ikaanza kusogea tena. Kwenye 93 kalamu iliingia bila kukwama popote, nikaitoa. Fundi alipoletewa kipande chake alibonyeza kwa kidole kwanza, ndipo akala.

Utunzaji: sindano hazizamishwi kwenye maji. Pale waya unapoingia kwenye chuma ndipo maji yanapopenya, na baada ya hapo namba zinaanza kurukaruka. Futa kwa kitambaa chenye sabuni, basi. Pia angalia kitufe cha kubadilisha Selsiasi na Farenhaiti kama nyumbani kuna watoto. 225 ya Wamarekani ni 107 yetu.

Kinachofuata ni kuku. Kwa usalama, sehemu nene ya paja ifike nyuzi 74, ncha isiguse mfupa. Kwa kuku wa kisasa hapo panatosha. Jogoo wa kienyeji kwenye 74 ni salama lakini bado anavutana na meno, kwa hiyo wa kwanza nitamsogeza hadi 85 nione paja linasemaje. Kifua najua kitakauka. Kile nitakichambua kiingie kwenye mchuzi.