Masika hayasubiri kikao cha baraza la wazee

Sharika nyingi za Pwani hujadili bajeti ya matengenezo ya majengo ya kanisa Januari, huipitisha Februari mwishoni, na fundi hupanda paani Machi mvua zimeshafika. Wakati huo hakuna matengenezo tena, kuna kuziba tu: bati limelowa, silikoni haishiki, fundi anateleza, na jipsamu iliyokwisha kunywa maji lazima ing'olewe. Kamati ya majengo inayojua kazi yake huuanza mwaka wake Septemba, kabla ya vuli, kisha hukagua tena mwanzoni mwa Februari, fedha ikiwa tayari imetengwa.

Ukaguzi wa paa huanzia ndani. Ingia juu ya dari saa sita mchana, taa zimezimwa, utazame juu: kila tundu la msumari lililopanuka litaonekana kama nukta ya mwanga. Weka alama ya chaki kwenye papi (ubao unaoshika bati) iliyo karibu, kisha ndipo fundi apande nje. Msumari uliolegea usigongwe tena. Mbao imeshauachia na tundu la bati limekuwa kubwa. Ukigonga leo, jua na upepo vitauinua tena kabla ya Pasaka. Ung'oe, weka skrubu ndefu na nene zaidi yenye mpira wake, na uikaze mpaka mpira ubane bila kupasuka. Skrubu ikae mgongoni mwa wimbi la bati, kwa sababu bondeni ndimo maji yanamopita. Kwa makanisa yaliyo karibu na bahari, angalia hasa pale bati linapolaliana na bati jingine. Chumvi na unyevu hujificha hapo, na kutu hula kwa siri wakati juu bado panang'aa. Mkinunua bati jipya, ulizeni geji, yaani namba ya unene: 28 ni nene kuliko 30, ingawa namba ni ndogo. Wazee wengi wameuziwa 30 wakidhani wamepata iliyo bora.

Gata nazo zina hesabu yake. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 300, mvua ya milimita 20 tu, ni lita 6,000. Simtanki la lita 5,000 linajaa na kumwaga kabla ibada haijaisha, na bomba la kumwagia likiishia ukutani, mnauchimba msingi wenu kwa maji yenu wenyewe. Lipelekeni mtaroni. Gata iteremke kama sentimita 1 kwa kila mita 2 kuelekea kwenye bomba. Ikilala sawa, majani ya mwembe yanaoza humo na mbu wanazaliana. Na msisahau kwamba tanki hilo likijaa lina uzito wa tani 5. Jukwaa la mbao lililopigiliwa misumari miwili mitatu halifai; jengeni kwa zege, au kwa chuma chenye miguu iliyozikwa.

Rangi ya nje ipakwe Julai au Agosti, ukuta ukiwa umekauka. Mkiona rangi inabanduka chini tu, usawa wa goti, tatizo si rangi. Ni unyevu unaopanda kutoka ardhini au udongo wa bustani uliorundikwa ukutani. Ondoeni udongo kwanza. Makanisa ya zamani ya mawe ya matumbawe, kama Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, Zanzibar, lililoanza kujengwa 1873, ni somo tofauti. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua, na lipu ya saruji huufungia unyevu ndani mpaka chokaa inakuwa unga. Huko kinachotumika ni chokaa, na fundi anayeijua chokaa.

Sasa watu. Ninaamini, na ninalisema kwa uzito, kwamba majengo ya kanisa yanaharibika zaidi mwezi ule mtumishi anapohama kuliko mwezi wa mvua kubwa. Mchungaji akipata uhamisho, au parishi woka (mhudumu wa usharika) akiondoka, anaondoka na vitu ambavyo havijaandikwa popote: ni valvu ipi inafunga maji ya ofisi, swichi ipi ni ya kengele, fundi gani alitengeneza kisima. Makabidhiano ya maneno matupu na sala ya kuagana hayatoshi. Kaeni na daftari, mwenyekiti wa kamati akiwepo, mtembee chumba kwa chumba. Muandike kila ufunguo na mlango wake, namba ya mita ya Luku, namba ya akaunti ya maji, watia saini wa benki, mahali ilipo hati ya kiwanja, vitabu vya ubatizo, kipaimara na ndoa pamoja na ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Anayeondoka na anayepokea wote wasaini. Nywila ya barua pepe ya ofisi ibadilishwe siku hiyohiyo.

Kuna jambo moja linalosahaulika na linaumiza waumini. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971 ya Tanzania Bara, kiongozi wa dini anafungisha ndoa kwa leseni, na wachumba hutoa taarifa ya kusudio la kuoana angalau siku 21 kabla. Mchungaji mpya akifika Novemba leseni yake haijakaa sawa, na ndoa za Desemba zimeshatangazwa, mnatafuta mchungaji wa jirani usiku wa manane. Swali la leseni liulizwe siku barua ya uhamisho inaposomwa.

Kwa walioajiriwa na usharika, yaani katibu muhtasi, mlinzi na mhudumu wa usafi, kanisa ni mwajiri kama wengine. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya siku 28, likizo yake ya mwaka ni siku 28, na akiondoka ana haki ya cheti cha utumishi. Michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu yake. Jumapili kwao ni kazi, kwa hiyo wapewe siku nyingine kamili ya kupumzika. Mlinzi anayekesha siku saba kwa wiki "kwa sababu anamtumikia Mungu" ananyimwa haki yake, na hilo halipendezi madhabahuni.

Wanaojitolea nao wanahitaji utaratibu. Kila kazi iwe na wawili: anayeongoza na anayejifunza, wabadilishane baada ya miezi sita. Usafi wa Jumamosi ugawanywe kwa jumuiya, na orodha ibandikwe ya miezi mitatu mbele ili watu wapange safari zao. Mpeni nauli na chai anayekuja kutengeneza. Sadaka ihesabiwe na watu watatu wasio wa nyumba moja, ndani ya jengo, fomu ijazwe kwa kalamu ya wino na isainiwe kabla fedha haijatoka chumbani. Ya Lipa namba ilinganishwe na taarifa ya simu siku hiyohiyo.

Vijana wa mitambo wafundishwe mpangilio huu mpaka uwe mazoea: kuwasha, miksa kwanza, amplifaya mwisho; kuzima, amplifaya kwanza, miksa mwisho. Ukigeuza, mshindo unaotoka unapasua twita za spika (vipaza vidogo vya sauti nyembamba), na hiyo ndiyo sababu ya spika nyingi "zilizokufa zenyewe". Maiki ikikatakata, chunguzeni kichwa cha waya kabla ya kulaumu miksa. Mara nyingi waya umekatika pale unapoingia kwenye jeki, kwa kuwa watu huuvuta badala ya kushika kichwa. Fungua skrubu ndogo, kata sentimita 3, chomelea upya. Waya uviringwe kwa mizunguko mipana, usizungushiwe kiwikoni.

Jenereta liwashwe kila wiki mbili, dakika 15 hadi 20, likiwa limebeba taa na feni. Petroli iliyokaa miezi humo huacha gundi kwenye kabureta, ndipo siku umeme unapokatika katikati ya mahubiri mtu anavuta kamba mpaka mkono unauma. Kwa jenereta dogo jipya, oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 20 za kazi, kisha kila saa 100. Saa hizo ziandikwe kwa kalamu kwenye kadi iliyofungwa kwenye fremu yake, pamoja na tarehe na jina la aliyeliwasha. Kadi ikijaa, ipelekwe ofisini kwenye faili la mali za usharika, na nyingine ifungwe siku hiyo.