Mgao wa safari iliyopita

Barua ilinikuta ndani ya mashua. Tulikuwa tunavuka asubuhi kutoka Lamu kwenda uwanja wa ndege wa Manda, mimi na wenzangu wawili wa kazini, upepo wa kusi ukiturushia manyunyu hadi buibui langu likalowa, mara simu zetu tatu zikalia kwa pamoja. Hapo hapo nikajua si salamu za mtu. Ni kampuni yetu ya ndege.

Kurasa tatu. Wa kwanza wote ulikuwa wa shukrani, na aliyezoea barua za ofisi anajua kwamba shukrani zikizidi aya mbili, kuna kisu kinanolewa. Kisu kilikuwa ukurasa wa pili. Kuanzia mwisho wa mwezi huu mishahara inapungua kwa asilimia 30. Mchango wa kampuni kwenye mfuko wa pensheni unasimamishwa. Na "michango ya nyuma ambayo haijawasilishwa" itashughulikiwa pamoja na madeni mengine chini ya msimamizi aliyewekwa na mahakama. Ukurasa wa tatu ni wa kutia sahihi. Mwisho ni Ijumaa.

Jina la kampuni sitaliandika. Bado nakula kwao.

Mwenzangu wa mizigo alisoma mpaka mwisho, akaifuta simu kwa kanzu yake, akairudisha mfukoni bila neno. Nahodha wa mashua alituuliza kama kuna msiba. Hatukujua tumjibu nini.

Asilimia 30 inauma, sitadanganya. Ni karo ya mtoto wa mwisho. Lakini lile neno "haijawasilishwa" ndilo lililonikaa kooni kutwa nzima. Mimi nina miaka 21 kwenye kaunta ile. Kila mwezi karatasi yangu ya mshahara ina mstari wa pensheni, siku hizi nikikatwa shilingi 3,900, na kampuni ikisema inaongeza zake. Jioni nilipotoa taarifa za mfuko na kuzilinganisha, nikaona zimesimama Februari mwaka jana. Baada ya hapo, kimya. Mimi nilikuwa nakatwa, mfuko ulikuwa haupokei.

Begi la abiria likipotea kati ya Nairobi na hapa, nina fomu. Rangi gani, lina magurudumu au halina, mara ya mwisho lilionekana wapi. Nimejaza fomu hizo hata nimechoka nazo, na mara nyingi begi linapatikana, limeshuka Malindi na watalii wengine. Siku hiyo nilitamani kuwe na fomu ya namna hiyo kwa pesa. Mara ya mwisho ilionekana wapi? Kwenye karatasi ya mshahara. Ilishukia kituo gani? Hapo ndipo hakuna wa kunijazia.

Saa tano ndege ilitua, tukafanya kazi kama kawaida. Uwanja wetu ni mdogo, hakuna anayesema "hiyo si kazi yangu". Napima mizigo, naandika tiketi, kisha navaa kizibao cha kung'aa na kuwaongoza abiria hadi kwenye ngazi. Bibi mmoja kutoka Faza alikuwa na kikapu cha maembe kilichozidi uzani kwa kilo mbili. Siku nyingine ningemwambia alipe au apunguze. Siku hiyo nilimpitisha. Kilo mbili za maembe hazitaiangusha kampuni hii. Iliangushwa na vitu vizito zaidi, wala havikupita kwenye mizani yangu.

Mchana yule msimamizi wa mahakama alizungumza nasi kwa simu, vituo vyote pamoja. Sauti nzuri, ya mtu aliyelala vizuri. Alieleza madeni ya mafuta, dola ilivyopanda, ndege zenyewe kwamba ni za kukodi na wenyewe wanazitaka. Sina shaka alisema kweli. Kisha akasema, "Sote tuko katika chombo kimoja, tubebe mzigo pamoja."

Nilimpigia simu kijana wa dada yangu anayesomea sheria Mombasa. "Khalati," akaniambia, "usitie sahihi kabla hujanitumia zote tatu." Akanifafanulia kwa upole, kama ninavyomfafanulia mgeni kwa nini ndege haiwezi kumsubiri. Pesa iliyokwisha kuingia kwenye mfuko iko salama, maana mfuko uko chini ya wadhamini wake na si mali ya kampuni. Ambayo haikufika, hiyo ni ya kudai. Na Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 inasema kampuni ikifilisiwa, mishahara ya miezi minne ya mwisho hutangulizwa baada ya gharama za mfilisi, lakini isizidi shilingi 200,000 kwa kila mfanyakazi. Kilichozidi hapo unajipanga foleni na wadai wengine. Nikamuuliza foleni yenyewe ina urefu gani. Akacheka kidogo, kisha akaniambia pole.

Usiku usingizi uligoma, nikasoma habari za Marekani, za shirika la ndege la United. Wale waliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wao Desemba 2002, na Mei 2005 hakimu wa Chicago akawaruhusu kuziacha pensheni zote nne za wafanyakazi wao. Upungufu uliokuwemo humo ulikuwa dola bilioni 9.8. Kule kuna shirika la serikali la bima ya pensheni, liliundwa kwa sheria ya 1974, nalo likabeba bilioni 6.6. Zilizobaki, yaani zaidi ya bilioni 3, zilikuwa ahadi walizopewa watu, zikayeyuka. Watu wapatao 120,000, waliokuwa kazini na waliokwisha kustaafu.

Kuna jambo moja humo nililisoma mara mbili. Enzi hizo sheria ilimlazimu rubani kuacha kurusha ndege za abiria akifika miaka 60. Bima nayo ilimpunguzia malipo anayeanza kuchukua kabla ya miaka 65. Serikali hiyo hiyo, mkono mmoja unakutoa kazini, wa pili unakukata kwa sababu umetoka mapema! Na kampuni ilipotoka kwenye kinga hiyo Februari 2006, mameneja wapatao 400 walitengewa asilimia 8 ya hisa za kampuni mpya.

Sikuona raha kujua kwamba si sisi peke yetu. Watu husema inafariji. Hapa kwetu hata hiyo bima hatuna. Na tukitazama nyuma, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, shirika lake la ndege likafa pamoja nayo, na wazee wa Tanzania waliofanyia kazi mashirika ya Jumuiya walikuwa bado mahakamani wakidai stahili zao miaka ya 2000.

Magharibi ya leo nikapita kwa Baba na mikate ya mofa. Nilimbusu mkono, akanitazama mara moja tu. "Mama, una nini?"

Baba alikuwa baharia wa majahazi, akipakia boriti za mikoko kupeleka Mombasa. Nikamweleza yote, na maneno ya msimamizi ya chombo kimoja. Akatafuna kimya. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Huyo bwana, chombo hicho mlikuwa mnagawaje?"

Nikasema hatugawi, Baba, tunalipwa mshahara.

Akaweka mkate chini. Chombo chao, akasema, wakifika walikuwa wanatoa gharama za chakula kwanza, nusu ya kilichobaki anachukua mwenye chombo, nusu ya mabaharia. Nahodha mafungu mawili, baharia fungu moja, mtoto wa jikoni nusu fungu. Safari njema, wote wanashiba. Safari mbaya, wote wanarudi na mifuko mitupu, na mwenye chombo naye mtupu. Mwaka mmoja bahari ilichafuka wakiwa karibu na Ngomeni, wakatosa boriti zaidi ya nusu ili chombo kisizame. "Hapana aliyelalamika," akasema. "Tulikula hasara pamoja kwa sababu tungekula faida pamoja."

Nikamwambia kampuni ilipopata faida kubwa, sisi tulipewa fulana na soda. Fulana ninayo bado, nafutia jiko.

Akacheka mpaka akakohoa. Nikampa maji. Alipotulia akasema, polepole, akiinua kidole kama anavyofanya akitaka usimkatize: "Na hata siku ile ya kutosa boriti, mwanangu, mwenye chombo hakuja nyumbani kwangu kuniambia nirudishe mgao wa safari iliyopita. Ule nilikuwa nishaufanyia kazi. Nishaupakua."

Nilikaa pale barazani baada ya yeye kwenda kuswali isha. Wakinikata mshahara wa mwezi ujao, wananiambia safari ijayo itakuwa na kidogo, na naweza kuamua kama nipande au nishuke. Lakini michango ile ni ya mizigo niliyokwisha kupima. Abiria wake wamekwisha kufika, wengine wamekwisha kufa. Naiamua vipi sasa?

Ukurasa wa tatu bado haujatiwa sahihi. Mwenzangu wa mizigo ametia, ameniambia kwa ujumbe, ana watoto watano na hakutaka jina lake liwe la mwisho kwenye orodha. Sikumlaumu. Kijana wa Mombasa ameniagiza nikusanye karatasi zote za mshahara, tangu mwezi wa kwanza nilipoajiriwa. Ninaziweka kwenye debe la biskuti, juu ya kabati, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Nimelimwaga lote kitandani na kuhesabu. Zinatakiwa 252. Nimepata 239, za mwanzo zimefifia, mstari wa pensheni unasomeka ukiuelekeza kwenye taa. Kumi na tatu hazipo. Nadhani ziko kwenye sanduku la marehemu mamangu, maana miaka ile nilikuwa nikimpa yeye aniwekee. Kesho nikitoka kazini nitapita tena kwa Baba, nimwombe ufunguo.