Kabati la IKEA: futi kamba kwanza, pochi baadaye

Nayapenda sana maduka ya IKEA, yanayouza fanicha za kujiungia mwenyewe, ila ukienda bila vipimo utarudi na majuto. Kipimo kinachosahaulika ni dari. Kabati la nguo la IKEA liitwalo PAX, lenye urefu wa sentimita 236 na kina cha 58, ukiliunga likiwa limelala, pembe yake hufika sentimita 243 wakati wa kulisimamisha. Dari ya 240 italizuia njiani, kwa hiyo liunge likiwa wima. Pima pia kona ya ngazi.

Dukani, piga picha lebo ya bidhaa: namba ya safu na ya nafasi ndizo zitakazokufikisha kwenye boksi lenyewe ghalani. Hesabu maboksi, maana milango na fremu huuzwa kila kimoja kivyake.

Nyumbani, usikaze skrubu mpaka zote ziwe zimeingia. Kabla ya kupigilia ubao wa nyuma, pima kwa mshazari kutoka pembe hadi pembe, pande zote mbili. Vipimo visipolingana, milango haitakaa sawa kamwe. Drili iache: mbao za chembechembe (vipande vidogo vya mti vilivyogandishwa kwa gundi) huliwa upesi, na tundu likishalegea skrubu haishiki tena. Na tafadhali, lifunge kabati ukutani. Kabati likimwangukia mtoto, linaweza kuua.