Nilivyoacha kukariri karata zote sitini

Kila ninapowaambia watu kuwa nacheza mashindano ya karata za Pokémon, hunishauri juu ya kumbukumbu kabla hata hawajauliza mchezo wenyewe unachezwaje. Mmoja aliniambia nile asali na habasoda kila asubuhi, mwingine akanishawishi ninunue programu ya simu ya kunoa ubongo, ambayo ilikuwa elfu kumi na ushei kwa mwezi, na wa tatu, aliyejiita mzoefu, akanisisitizia nikariri karata zangu zote kwa mpangilio mmoja, ya kwanza mpaka ya mwisho. Asali niliila na sina ugomvi nayo. Programu ilinifanya hodari wa programu ile ile, basi. Ushauri wa tatu ndio uliokaribia kuniharibia mchezo.

Kila mchezaji huja na jozi ya karata 60 aliyoipanga mwenyewe, na ukiacha nishati za msingi, yaani karata za kawaida za kumpa Pokémon nguvu, karata ya jina moja haizidi nne. Mwanzoni unavuta saba, kisha sita unazilaza kifudifudi bila kuzitazama. Hizo ndizo zawadi, na kila unapomwangusha Pokémon, yaani kiumbe wa kupigana, wa mwenzako unachukua moja au zaidi. Maana yake ni kuwa karata zako sita hujui ni zipi mpaka upate ruhusa ya kupekua jozi, kwa mfano kwa kucheza Nest Ball, karata ya kutafutia Pokémon jozini, na hapo, kwa muda mfupi na mpinzani akikukodolea macho, inakubidi utambue ni zipi hazimo.

Basi nilizikariri zote kwa mahadhi, nikienda dukani na kurudi, mpaka wadogo zangu wakazijua kabla yangu na wakawa wananisahihisha. Mezani mambo yakawa mengine, kwa sababu karata zilizochanganywa haziji kwa mpangilio wa mtu. Kila nilipokutana na ya katikati ilinilazimu nianze tena juu, kama mtoto wa chuoni aliyeulizwa aya ya kati, na midomo yangu ikichezacheza hadharani. Mpinzani alikohoa kikohozi cha adabu, kisha akakohoa kisicho na adabu. Nikafunga jozi bila ya kujua lolote, ila kwamba ninaijua jozi yangu kwa moyo.

Dawa niliipata barazani, hapa Wete, Pemba, kwa ami yangu, ambaye karata za Pokémon anazidharau kwa kuwa hazina turufu. Yeye ni mtu wa wahedisitini, mchezo wa karata za kawaida wa kuwania pointi, na ikifika mikono ya mwisho hukwambia mzungu wa nne wa kopa, yaani mfalme, yuko kwa nani. Nilimuuliza, "Ami, unazikumbukaje zote zilizotoka?" Akanitazama kwa huruma. "Zilizotoka za nini, mwanangu? Zimeshatoka hizo. Mie nazitafuta ree na seti ambazo hazijaonekana, na wazungu wa nne nikiweza. Nyengine n'nawaachia nyinyi."

Hesabu inamuunga mkono. Ree, yaani karata ya A, ni pointi 11 na seti, yaani saba, ni 10, nazo ziko nne nne, kwa hiyo hizo karata nane peke yake zina 84 katika pointi 120 za mchezo mzima, na mshindi anahitaji 61 tu. Hata wataalamu wako upande wake: mwaka 1973, huko Marekani, watafiti William Chase na Herbert Simon waliandika kuwa mabingwa wa sataranji hukumbuka vizuri sana kete zilizopangwa kama zinavyotokea mchezoni, lakini zikitawanywa ovyo ubora wao karibu wote hupotea. Ami hajawasoma, wala sidhani kama angewapa nafasi barazani.

Nikaigawa jozi yangu upya. Karata ambazo ninazo moja moja niliziita wapweke, zenye mbili mapacha, na zenye tatu au nne sizitafuti kabisa, kwani ni nadra zote kukimbilia zawadini. Nikipekua, nauliza wapweke kwanza, kisha kama pacha yupo na mwenziwe, halafu nafunga. Katika mashindano madogo tuliyofanya Unguja, kwenye nyumba ya rafiki Mji Mkongwe, nilipopekua mara ya kwanza nikaona Super Rod haimo, nami ninayo moja tu, na ndiyo inayorudisha Pokémon na nishati za msingi kutoka kwenye zilizotupwa. Mkononi nilikuwa na Professor's Research, ambayo hutupa mkono wote na kukuvutia saba mpya. Watazamaji walininong'onea niicheze. Sikuicheza, kwa kuwa Pokémon wangu wawili wakubwa wangeingia shimoni na kamba ya kuwavutia imo zawadini. Zawadi ya pili niliyochukua ikawa ndiyo hiyo Super Rod, na sikujizuia kuwageukia wale wanong'onaji.

Umakini nao sikuutafuta kwenye chupa ya dawa. Rundo la zilizotupwa liko wazi kwa wachezaji wote wawili, kwa hiyo silikariri, naomba nilitazame. Nishati huruhusiwa kuunganishwa mara moja tu kwa zamu, na ndiyo inayosahaulika zaidi. Yangu huiweka pembeni kabisa ya mkono wa kulia, na kabla sijasema zamu imekwisha lazima nipaguse hapo. Michezo inapopishana watu hupenda kusimulia kwa sauti walivyoonewa, mimi hutoka nje nikanywa maji, hasa umeme ukikatika na feni zikasimama. Na nikishuka boti kutoka Pemba siketi mezani siku hiyo hiyo. Nalipa usiku mmoja zaidi wa malazi, au namwomba shangazi wa Michenzani, ambaye hatozi pesa ila ananituma sokoni.