Fotosinithesisi

Mwaka 1996 nilianza kidato cha kwanza Tanga mjini. Shule ya msingi tulisoma kwa Kiswahili. Sekondari, ghafla, Kiingereza kitupu. Siku moja kipindi cha Biolojia niliinuliwa nisome neno ubaoni: photosynthesis. Nikatamka "fotosinithesisi", kila konsonanti nimeipa irabu yake kama tulivyozoea. Darasa zima likaangua kicheko. Niliketi masikio yanawaka moto.

Jioni nikaenda Ngamiani kwa mjomba, karani wa bandarini. Nilipomsimulia hakunipa pole. Aliangua kalenda ya mwaka uliopita ukutani, akaigeuza, akaandika kwa penseli: hawatatusomesha.

"Kata."

Nikakata papo hapo kwa kufuata maana: ha-wa-ta-tu-som-esh-a.

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna, mjomba."

Akaandika lile neno langu la aibu, akalikata kwa vistari: pho-to-syn-the-sis. "Hivi ni vipande vya mdomo. Usihesabu herufi, sikiliza irabu." Akagonga meza mara tano, ya tatu kwa nguvu, maana hapo ndipo mkazo ulipo. Mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Ndiyo sababu ulimi wangu ulikuwa ukikimbilia pale pasipo pake.

Kisha akapiga mistari chini yake, mahali pengine: photo, syn, thesis. "Na hivi ni vipande vya maana. Kigiriki: nuru, pamoja, kuweka." Hapo nilishangaa, na mpaka leo naona hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama: mikato miwili haikukutana. Sauti ilipasua thesis katikati, maana ikaiacha nzima.

Nikasoma polepole. Nuru. Kuweka pamoja. "Mjomba, si ndiyo usanisinuru hii?"

"Ehee!"

Neno nililolijua tangu shule ya msingi! Usanisi, yaani kuunganisha, kisha nuru: sisi tumemalizia kwa kile walichoanzia wao.

Usiku ule tulikata mengi. Import, export, transport: yote yamebeba port, kubeba kwa Kilatini, na mjomba alikuwa akiyaandika kila siku kazini. Photograph: nuru iliyoandika. Kalenda ikajaa hadi pembeni.

Kesho yake mwalimu alimwinua mwingine. Chini ya dawati kidole changu kiligonga mara tano, ya tatu kwa nguvu.